Ngamia Alilipwa, Faini Ikabaki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi nilipokuwa situlii, leo Liboi, kesho Mandera. Shemeji yangu Dahir, mzaliwa wa Kismayu aliyemwoa dada yangu, aligonga ngamia tukitoka Dadaab. Askari akamwandikia faini ya mwendo wa kasi, ailipe au afike mbele ya hakimu Garissa kwa tarehe aliyopangiwa.

Kabla ya tarehe hiyo wazee walikaa maslaha, kama ilivyo desturi yetu ya kupatana. Mwenye ngamia akapewa ngamia mwingine, dua ikasomwa. Akamshika Dahir mkono: "Sasa wewe ni ndugu yangu. Lakini ukiona ngamia wangu tena, shuka utembee!"

Tukacheka. Kwetu mambo yalikuwa yamekwisha. Tarehe ya mahakama ikapita, wala hatukuikumbuka.

Miaka ikaenda. Dahir akaamua kuomba uraia wa Kenya kupitia ndoa yake, maana alichoka kuteremshwa kwenye kila kizuizi cha polisi, wanawe wakimtazama dirishani. Alipofuata cheti cha polisi cha maadili mema, akaambiwa anatafutwa na mahakama.

Tulikimbilia kwa mjomba, abti kama tumwitavyo, aliyeongoza maslaha yale.

"Abti, si wewe uliyesema yamekwisha?" Dahir akalalamika.

"Ya ngamia yamekwisha, wallahi. Serikali mliiita lini kwenye maslaha?"

"Lakini ni faini ndogo tu, abti."

"Ndogo, na bado imekushinda! Unaomba kuingia nyumba ya watu, na wenyewe wakikuita hufiki?"

Dahir akajipeleka mahakamani, akalipa faini ile na nyingine ya kutofika. Huko uhamiaji walimweleza waziwazi: kosa la mwendo peke yake lisingemzuia; kilichomharibia ni kuikimbia mahakama. Akaanza maombi upya, na hadi leo anasubiri. Mwanawe mkubwa sasa ana kitambulisho. Gari likisimamishwa, kijana hubaki kitini, baba hushuka.

Basi, mwanangu, wazee wakikupatanisha na mtu, shukuru, kisha umalizane na mahakama pia. Ukiandikiwa faini, ilipe mapema na utunze risiti. Na ukiulizwa katika maombi yoyote ya serikali kama umewahi kutozwa faini, sema kweli. Faini iliyolipwa inaelezeka.

Allah akufungulie milango unayoibisha, na jina lako likiitwa popote, uitike bila hofu. Amin.