Bi Maimuna, Nani Ataniunga Mkono Halafu Anichinje?

Akili yangu imekataa kabisa. Bi Maimuna, mjumbe mwenzangu wa bunge la kaunti, tumemzika kwao Pate Ijumaa, mchanga nimetia kwa mikono hii, na jana bado nimeingia ukumbini nikakitazama kiti chake kama cha mtu aliyecheleweshwa na boti tu.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mwajua tulivyogombana. Vyama mbali, visiwa mbali, mimi Amu, yeye Pate. Hata chai yake ya tangawizi nikiitukana huku naimaliza.

Kwa msiojua mambo ya ukumbini: ukileta hoja, lazima mwenzako asimame aiunge mkono ndipo ijadiliwe. Asiposimama mtu, imekufa, nawe unaketi na aibu yako.

Hoja yangu ya kwanza: punda wapumzishwe Ijumaa. Msicheke!

Hakusimama mtu. Shule niliiachia njiani, Kiingereza cha kanuni kinanipita juu ya kofia. Akasimama yeye, wa chama pinzani. "Bwana Spika, naunga mkono."

Nikamwombea dua pale pale. Kumbe! Akaichambua hoja yangu mpaka ikabaki mifupa, na kura ilipofika akasema LA kwa sauti kuliko wote.

Nje nikamvaa. "Bi Maimuna, waniunga mkono halafu wanichinja?"

"Sasa ningekuchinja vipi na hujapewa nafasi ya kusema? Si ningekuwa nimempiga mtu aliyelala? Ndia ya kukushinda ni kukusikiza kwanza, wee mzee wa Amu."

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Na mimi zake nikiziunga mkono, halafu katikati ya hotuba yake nasimama: "Point of order, Bwana Spika! Mheshimiwa ameikalia miwani yangu."

Na kweli alikuwa ameikalia.

Jana nilileta hoja kubwa kuliko zote: boti ya wagonjwa iwekwe kijiji cha Mkokoni. Mwanamke wa kule akishikwa na uchungu, anasubiri boti ya samaki ishushe mzigo kwanza. Bi Maimuna aliitaka Pate. Kwenye tea break yetu ya mwisho aliniambia, "Ilete, Bwana Omari. Nitaiunga mkono, kisha nitaivuta Pate mbele ya macho yako."

Spika akauliza, nani anaunga mkono? Kila mjumbe anaitaka boti hiyo wadi yake. Wakainamia simu zao.

Akauliza tena. Mimi nimegeukia kile kiti. Nikangoja. Spika, Mungu ambariki, akangoja na mimi.

Hoja ikafa. Kanuni hainiruhusu kuirudisha mpaka miezi kadhaa ipite, na wajawazito wa Mkokoni hawasubiri kanuni.

Ndugu zangu wa Pate, mtapiga kura kutafuta wa kukaa pale. Nawaomba, msinichagulie rafiki. Nileteeni mbishi. Asimame, nipate kusema, kisha anishinde akitaka, boti ije kwenu. Ikiwa Pate, mtu wa Mkokoni ataipigia simu. Ikiwa haipo, atampigia nani?

Bi Maimuna, Mola akupanulie kaburi lako na akupumzishe na kelele zetu.

Nilikuwa nimeshapanga namna ya kukujibu kuhusu Pate, neno kwa neno, na mara hii wallahi ningekushinda. Lala pema, mpinzani wangu. Sijapata mwengine wa kumwambia maneno hayo.