Jina la Majaribio

Fundi wa programu kutoka Mwanjelwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Devota, mtunza maktaba ya parokia pale Mlandege, alimjua zaidi kwa vidole vyake virefu, alivyovipasha moto kwenye kikombe cha chai kabla ya kugusa kibodi. Fundi alikuja kuiunganisha programu ya Java na kanzidata, ili majina ya wasomaji yasipotee kila kompyuta inapozimwa. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala madirishani, aliandika jina moja la majaribio, akazima, akawasha, akasubiri kama mtu anayepokea mgeni stendi. Wiki nzima jina halikurudi. Alikuna kidevu, akabadili mstari mmoja, akaliandika upya. Alhamisi iliyofuata Devota alimsikia akisema taratibu, kwa Kihehe cha kujifunzia ukubwani, "Kamwene." "Kamwene," Devota akaitikia, akainua macho. Kumbe salamu haikuwa yake. Fundi alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta, na pale kwenye kioo, peke yake, limerudi jina: Devota.

Siku ya kukabidhi kazi, jina la majaribio lilipaswa kufutwa ili wasomaji wenyewe waingizwe. Kidole cha fundi kilikaa juu ya kitufe mpaka chai ikapoa.

"Dada, nikufute?" aliuliza bila kugeuka.

Devota alisogeza kiti chake karibu, akaizima kompyuta kwa mkono wake mwenyewe, akaiwasha, wakasubiri wote wawili. Jina liliporudi, fundi hakulitazama. Alimgeukia mwenye jina.

"Kamwene," akasema.