Kidevu Huulizwa Keshokutwa

Siku moja sijaisahau, mwanangu, na wala haikuwa siku kubwa. Ilikuwa siku ya kufua. Nilikuwa nimerudi mapema kutoka ng'ambo ya mto, kwenye karakana ya gari-moshi la Ubundu, nilikokuwa najifunza kazi ya chuma. Nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa, nikakuta kola za tonton, yaani mjomba wangu, zimetundikwa huko nyuma, mahali pasipo jua. Kola nyeupe, zimefuliwa zikatiwa bulu ya kung'arisha, na bado kila moja ilikuwa na madoa ya rangi ya kutu. Nguo nyingine zote zilikuwa mbele, juani. Hizi zilifichwa, nami ndiye niliyefichwa nisizione.

Lakini nimeanzia katikati. Sisi wazee ndivyo tulivyo, tunakimbilia jambo halafu tunarudi kulichukua begi. Univumilie.

Tonton Fidèle alikuwa ndugu ya mama yangu, naye ndiye aliyenilea, kule mtaani kwetu Kabondo. Alihudumia meza katika oteli moja ya Wazungu, koti jeupe na kola ngumu yenye wanga. Aliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kuona mtu akipenda kazi. Hata nyumbani alitupakulia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akiwa ameinama kidogo, kitambaa mkononi, kana kwamba sisi ni magavana. Lakini kazi ile ilitaka kidevu kitupu kila asubuhi, na tonton alijinyoa kwa ule wembe mrefu unaokunjwa. Shingo yake ilijaa vipele, vipele vilikatika, damu ikagusa kola. Mkubwa wa oteli alikwisha mwambia: nikiona damu tena, unakwenda kufua mashuka, meza zako anapewa mwingine.

Mimi nilikuwa kijana wa ndoto nyingi na madarasa machache. Nilikuwa nimeona mashine ya kunyolea dukani, nyuma ya kioo: wembe mwembamba umelazwa kati ya sahani mbili ndogo, makali yanachungulia tu. Nikasema moyoni, wembe wenyewe unauzwa sokoni, kinachokosekana ni nyumba yake, na nyumba naweza kuijenga. Nikachukua shaba ya taa iliyokufa, nikaikata, nikaipiga tupa, nikatoboa katikati na kutia skrubu na mpini wa mti. Kwa moyo wangu nilikwisha kuiona ikiuzwa mpaka Bukavu.

Nikapata watu wawili wa kuijaribu. Wa kwanza tonton mwenyewe. Wa pili Papa Likenge, rafiki yake, mvuvi wa kwenye maporomoko, mwenye ndevu ngumu kama brosi ya viatu. Jumapili baada ya misa walikaa uani na beseni la maji, nami nikasimama karibu kama daktari. Papa Likenge alijaribu shavu moja tu.

"Mutoto, hii mashine iko inakata ndevu ao iko inakula mutu? Kama unataka damu, bon, sema, tuchinje kuku!"

Tulicheka, lakini nilimsikia. Makali yalikuwa yametoka mno. Nikarudi kwenye tupa, nikaikunja sahani ya juu, nikaufanya ukingo wa chini uwe laini. Jumapili iliyofuata mashine ilipita bila kumtoa mtu damu. Na ilinyoa, mwanangu! Kidevu kilibaki laini kama yai lililomenywa. Papa Likenge alijipapasa, akajipapasa tena. "Eh, leo nimekuwa bibi arusi," akasema, akaondoka akitembea kwa madaha mpaka barabarani.

Nilimuuliza tonton hapo hapo, povu halijakauka masikioni: iko namna gani? Akasema, "Iko muzuri sana, mwana." Kila asubuhi nilimuuliza baada ya kunyoa, na kila asubuhi alijibu hivyo hivyo. Sikujiuliza kwa nini siku hizi anavaa taulo shingoni hata wakati wa kula, katika joto lile.

Sasa turudi nyuma ya nyumba, kwenye zile kola.

Mama Vero, mke wa tonton, alinikuta nimesimama. Hakunigombeza kwa sauti. Aliweka beseni chini, akaifikicha kola moja kwa vidole.

"Wiki hii tonton wako hakutumika mezani. Iko anafua mashuka. Alinikataza kukuambia, ati utavunjika roho."

Nikasema haiwezekani, kila siku namuuliza, kila siku anasema ni nzuri.

"Unamuuliza wakati gani? Wakati amemaliza kunyoa! Kidevu, siku ile ya kwanza, inasemaka vizuri. Uiulize keshokutwa. Mimi njo ninamupaka mafuta ya kokwa ya mawese kwa shingo, mimi ungeniuliza. Ndevu yenu inajikunja. Ukiikata chini sana inapotea njia, inaota kuingia ndani ya nyama, inachoma, inaleta kipele, na kesho yake mashine inakata kile kipele. Donc unamunyoa muzuri kupita, njo ubaya wake."

Unanyoa vizuri kupita kiasi, na huo ndio ubaya wake. Nilitaka kulia, na nafikiri nililia kidogo. Ulaini ule ndio niliojivunia. Mashine inayobakiza ndevu, nani ataiita mashine? Nikaondoka kwa hasira kwenda kwa Papa Likenge, nikitumaini huyo atanitetea, maana yeye hakujua kubembeleza mtu. Nikamkuta kwenye nyavu zake anajikuna shingo kama mbuzi kwenye mti. "Ni wadudu ya mto," akaniambia. Nikasogea nikatazama. Hawakuwa wadudu. Zilikuwa ndevu, zimejipinda ndani ya ngozi, kila moja na kipele chake.

Basi tonton alinidanganya kwa sababu alinipenda, na upendo ule ulikuwa unamtoa kazini.

Nikaanza upya. Nikauinua ukingo wa sahani ya chini kwa lehemu, ili ngozi izuiwe mbali kidogo na makali. Mara ya kwanza niliuinua mno, Papa Likenge akapitisha mashavuni, akaniangalia kwa huruma. "Hii ni kitana, mutoto." Nikapunguza kwa tupa. Akanyoa yeye, akanyoa na tonton. Safari hii sikuuliza kitu. Nilingoja, nikaenda keshokutwa, nikaomba kuiona shingo, na nikimaliza kwake niliingia jikoni kumuuliza Mama Vero habari za shingo ya nyumbani, ya tonton. Nikapunguza tena, nikangoja tena. Kungoja ndiko kulikonichosha kuliko chuma. Mwishowe mashine ikawa inabakiza kivuli kidogo tu cha ndevu, usichokiona mpaka uguse, na vipele vikaanza kukauka.

Tonton akaambiwa na mkubwa wa oteli aje tena mezani, siku moja, amtazame. Asubuhi ile alisimama mbele ya kioo akijipapasa kwa wasiwasi. "Mukubwa ataona sijanyoa."

"Tangu lini muzungu anapapasa mutu kidevu?" Mama Vero akamjibu. "Anaangaliaka kola. Enda!"

Akaenda. Jioni alirudi, akavua kola, akampa mkewe mkononi. Mama Vero akaigeuza mwangani, ndani na nje. Kisha akaifua palepale, akaianika mbele ya nyumba, kwenye kamba ya barabarani, katikati, mahali ambapo kila mpita njia na baiskeli yake angeiona. Meza zilirudi kwa tonton. Mashine haikufika Bukavu, wala haikuvuka Kabondo; nilizitengeneza chache kwa shingo nilizozijua.

Kwa hiyo mwanangu, ukitengeneza kitu kwa mikono yako, usiridhike na sifa za saa ileile, hasa zikitoka kwa anayekupenda. Rudi keshokutwa. Tazama shingo, usitazame tabasamu. Muulize na yule anayefua nguo. Na wewe ukipendwa kiasi cha kupewa kitu kinachokuumiza, sema, kwa upole lakini sema, usimwache mwenzako akijenga juu ya kimya chako.

Mungu akupe mikono isiyochoka kurekebisha, akupe na mtu mmoja nyumbani wa kukuonyesha kola. Na kila ulichokifua, uweze kukianika mbele ya nyumba.