Kioo Kilichopakatwa

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi miwani. Juzi shule ya jirani ilimpa kioo cha darubini akisugue upya, kazi ambayo hajawahi kuifanya. Kipimo chake ni nyota inayoonekana moja kwa macho, kumbe ni mbili zinazozungukana. Kioo kikiwa kizuri, unaziona mbili. La sivyo, anaanza upya.

Jioni aliyomaliza kukisugua, alitoka nacho uani, amekikumbatia ndani ya sweta. Akakifunga kwenye darubini, akachungulia.

"Vipi, wifi?"

"Tonge moja tu, linatetemeka. Nimekiharibu."

Nikagusa ukingo wa kioo. "Mbona kina joto kama mtoto mwenye homa?"

Akacheka mpaka mwanangu niliyembeba mgongoni akashtuka. "Jamani! Kioo cha moto hujipinda, hakioni kitu. Nami nimekipakata kama mwanao!"

Tukakaa kukingoja kipoe, nikamnyonyesha mtoto. Aliporudi kuchungulia, alinivuta mkono. Niliziona: moja ya manjano, nyingine ya samawati, na weusi mwembamba katikati.

"Sasa nani anamzunguka mwenzake?" nikauliza.

"Wote wawili, wifi," akajibu.

"Kesho nakipeleka shuleni," akaongeza, akainama tena kuchungulia.