Nilifunga Mlango

Tarehe kumi na mbili Machi nilimpoteza mume wangu. Alikuwa amerudi nyumbani Nyakasanza kutoka machimbo ya Bambu na homa kali, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Siku ya nne fizi zake zikatoka damu. Nilidhani ni Ebola. Niliogopa watu wa afya watamchukua na kumzika bila sisi, nikafunga mlango na kuwaambia majirani amesafiri. Macho yake yalikuwa ya manjano, nami niliyaona.

Nilimpeleka hospitali siku ya sita.

“Mama, hii haiko Ebola,” muuguzi alisema. “Inafanana na homa ya manjano, mbu ndio wanaileta. Weye ulingoja nini?”

Mume wangu alifariki asubuhi iliyofuata.

Majibu ya damu yalipofika kutoka Kinshasa, yalisema homa ya manjano. Niliwapeleka watoto wakachanjwe.