Nilivyomuunganisha Kahigi na Kahigi

Mpaka leo nikisikia jina la Kahigi masikio yanapata moto, ila nawasimulia kwa sababu aibu yenyewe imeshazeeka, kama mimi.

Miaka ile ya themanini nilikuwa msichana wa Bugomora mwenye mwandiko mzuri (sifa yangu pekee), baba akanituma Bweranyange kwa bibi mzaa mama nikaandike majina ya ukoo wao, lakini asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, dunia nzima nyeupe, imenyamaza, miguu ikawa mizito, nikaishia kwa jirani yetu Generoza, ambaye daftari lake la ukoo lilikuwa na Kahigi wa Bweranyange, jina lilelile la baba yake bibi, basi nikasema ndiye huyo, nikanakili watoto, wajukuu, vitukuu, naandika kama naota, na kwa kuwa bibi hakuwemo nikamchomeka mwenyewe mwishoni (jamani!), kisha kwa majivuno nikaweka karatasi ya kaboni, nikatoa nakala za kugawia ndugu, nao wakanakili zao.

Mwaka uliofuata tukaenda Rugu kumposea kaka yangu Deo. Tumekaa tunatafuna punje za kahawa tulizokaribishwa nazo, mwanga unachuja kwenye majani ya migomba mpaka kila uso una ukijani, Deo anamtazama Paskazia kama mtu aliye usingizini, mara baba mkubwa wa binti akakunjua karatasi. Majina yote yale niliyoyapanga mimi!

"Sisi tumo humu, na bibi yenu yumo, wote ni wa Kahigi," akasema taratibu. "Ni ndugu. Hakuna posa."

Paskazia akakimbilia ndani analia. Deo akainamisha kichwa. Bibi, tuliyekuja naye, akainuka.

"Kahigi yupi? Baba yangu alinizaa mimi peke yangu. Hao ndugu nimewapata lini?"

Nikapiga magoti. "Shikamooni wazazi. Ni mimi. Sikufika kwa bibi, nilinakili kwa jirani ukoo wa Kahigi mwingine."

Yule mzee akaikunja karatasi yake, akanitazama. Kisha akasema: "Binti, hujaolewa na umeshatuzalia ukoo mzima!"

Walicheka mpaka Paskazia akachungulia mlangoni, posa ikapokelewa. Deo alikaa wiki nzima bila kunisemesha.

Nakala sikuweza kuzikusanya. Miaka ya tisini alikuja mgeni kutoka mbali, karatasi mkononi, "Shikamoo shangazi," amefurahi kweli. Nikamketisha, nikamweleza polepole kwamba sisi si ndugu, uso wake ukazimika mbele yangu. Tangu siku hiyo siandiki jina la marehemu mpaka nimekaa na mtu anayeikumbuka sura yake.