Bakuli la Ilinca

Kwa miaka thelathini na mmoja Aglaia Butnaru alifundisha shule ya kijiji cha Fundu Răchitei, hatua chache kutoka mto Prut. Katika miaka hiyo alizika wakuu wa shule watatu na kuona wanafunzi wakipungua kutoka mia na ishirini hadi kumi. Hakuna maradhi yaliyowamaliza. Wazazi walikwenda Italia kuwaogesha wazee wa watu, kisha wakawaita watoto wao. Mume wa Aglaia naye alikwenda, ila yeye hakumwita mtu.

Kumi haikuwa idadi mbaya. Ofisi ya elimu ilikuwa imeandika kwamba shule yenye wanafunzi pungufu ya kumi itafungwa, na kwamba mkaguzi angefika tarehe kumi Desemba kuhesabu vichwa kwa macho yake, maana madaftari ya walimu hakuyaamini. Aglaia alikuwa na miaka hamsini na minne, hajui kazi nyingine, na chumba alicholala kilikuwa cha shule.

Ilisemekana mkaguzi huyo anapenda sayansi. Basi Aglaia akaandaa jaribio: mabakuli kumi, kila moja mbegu mia za ngano, zilizolowekwa kwa muda tofauti kabla ya kupandwa. Bakuli la kwanza mbegu kavu, la pili saa tatu, la tatu saa sita, na kuendelea kuongeza hadi la kumi, siku nne nzima majini. Mabakuli shule haikuwa nayo. Lakini siku ya Mtakatifu Andrea, mwisho wa Novemba, kila nyumba kijijini hupanda ngano, bakuli moja kwa kila mtu. Ngano yako ikistawi, mwaka ujao utastawi. Isipoota, majirani hukuamkia kwa upole usio wa kawaida. Mwaka huo Aglaia aliwaambia watoto walete mabakuli yao wapandie darasani, nao wakaja nayo asubuhi ya sikukuu hiyo, majina yameshabandikwa. Akajiona mwerevu. Miaka thelathini na mmoja kijijini, na hakujiuliza hata mara moja kama bakuli likivuka mlango wa shule huacha kujua lilikotoka.

Mbegu zilikuwa zimekwisha kulowekwa; nani apate zipi, waligawana kwa kura. Ilinca, msichana wa miaka tisa anayelelewa na bibi yake, mama yake akiwa Italia, akapata siku nne.

Siku moja kabla ya mkaguzi kufika, mabakuli tisa yalikuwa kijani. La Ilinca lilikuwa na tope jeusi lenye harufu ya kachumbari iliyosahaulika. Kisayansi, lilikuwa tokeo zuri kuliko yote. Saa nne bibi yake, mama Saveta, akaingia darasani bila kubisha, theluji bado iko viatuni.

"Liko wapi?"

"Karibu, mama Saveta. Kaa kwanza upate joto."

"Sikuja kuota moto. Bakuli la mtoto liko wapi?"

Akaonyeshwa. Akajifanyia ishara ya msalaba mara tatu.

"Mama, hilo ni jaribio tu," Aglaia alisema. "Mbegu inahitaji maji ili iamke. Lakini nayo inapumua. Hizi zimekaa majini mno, zikakosa hewa. Zimezama, basi."

"Zimezama."

"Ndiyo."

"Basi atazama mjukuu wangu! Na mto uko pale nyuma ya zizi! Umesema mwenyewe, mwalimu, wala sijakulisha maneno." Akamgeukia Ilinca. "Vaa koti. Nampigia mama yako, Ijumaa unapanda basi la Torino."

"Torino nako kuna mto, mama Saveta. Mkubwa kuliko wetu."

"Wa kwao haumjui jina!"

Watoto wakacheka, kisha wakaona si mahali pa kucheka. Aglaia alihesabu bila kutaka: tisa. Maji yalikuwa yamezidi unga. Alisomea biolojia chuo kikuu cha Iași, akafaulu vizuri, na hakuna lolote kati ya aliyojifunza huko lililomfaa dakika ile. Akalishika bakuli, akabandua karatasi yenye jina la Ilinca, akaandika juu ya nyingine: Aglaia.

"Ni langu," akasema. "Mimi ndiye niliyezichagua, nikaziloweka, nikazifunika udongo. Mtoto hakuzigusa."

Mama Saveta akamsogelea. "Unaapa?"

"Naapa."

"Kwa mkate?"

Mkate ukatolewa katika mfuko wa mmoja wa watoto. Aglaia akaushika, akaapa. Bibi akalainika ghafla, akamshika shavu. "Mwanangu," alimwita, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Vua koti, Ilinca."

Usiku ule Aglaia alilala vizuri, jambo alilolijutia baadaye.

Asubuhi ya tarehe kumi aliwasha jiko mapema, akapanga mabakuli dirishani. Saa mbili akaja Ilinca. Saa mbili na nusu alikuwa bado ni Ilinca peke yake.

"Wenzako wako wapi?"

"Hawaji, mwalimu. Mama zao wamesema mtu mwenye bakuli la namna hiyo asikae na watoto chumba kimoja. Mpaka mwaka ugeuke." Akafikiri kidogo. "Wamesema wanakupenda lakini."

"Na bibi yako hakukukataza?"

"Bibi amesema sisi tuna deni kwako. Amenipa hii nikuletee."

Akatoa mfukoni mshumaa wa nta, mpya, umefungwa kwa leso safi. Huko mtu hafi vizuri bila mwanga mkononi, na mwalimu hakuwa na mtu nyumbani wa kumwashia. Aglaia aliupokea kwa mikono miwili, maana ulikuwa umetolewa kwa moyo, na akasema ahsante kama inavyopasa.

Nje gari lilisimama. Mlango wake ukafungwa, mtu akakung'uta theluji viatuni kwenye ngazi, taratibu, kama asiye na haraka.

"Kaa mbele, Ilinca," alisema Aglaia. "Kaa katikati."